Uzoefu wangu na Requests ya Python: laibrari unayoikisia na unapatia

Wadau, mimi naandika programu hapa Mwanza, na kazi yangu kubwa kwa sasa ni mfumo wa kuwatumia wafanyabiashara bei za dagaa wa Mwaloni Kirumba kwa meseji, yani bei ikipanda asubuhi mtu wa Ukerewe anaijua kabla hajapakia mzigo. Kwahiyo kutwa nzima kodi yangu (code, si ya TRA) inaongea na seva za watu, na kwa kazi hiyo sijaona kitu kinachonipa raha kama Requests, laibrari ya Python ya kuomba na kutuma data kwenye seva.

Kenneth Reitz aliitoa 2011. Kipindi kile kwa urllib2, laibrari iliyokuja na Python yenyewe, ukitaka kuomba kitu chenye jina na nywila unatengeneza kwanza cha kutunza nywila, unakipachika kwenye handler, handler unaiingiza kwenye opener, ndo sasa uombe. Huku ni requests.get(anwani, auth=(jina, nywila)), basi. Kusoma ni get, kutuma ni post, kufuta ni delete, maneno yaleyale ya HTTP, lugha ambayo seva za wavuti zinaongea. Kuna kijana yuko hapa kwa mafunzo ya vitendo, aliona get yangu akaandika post mwenyewe bila kuuliza wala kufungua maelekezo, na ikakubali. Mimi API, yani njia ya programu moja kuongea na nyingine, naipima hapo.

Sasa njoo kwenye API ya meseji ya kampuni moja tunayoitumia. Namba lazima ianze na 255 bila alama ya kujumlisha, ukituma 0754 seva inakujibu 200, yani mambo safi, halafu ndani ya JSON, yani maandishi ya data ya hilo jibu, imejificha "status": 17. Kumi na saba ndo nini? raise_for_status(), ile ya Requests ya kupiga kelele seva ikijibu kosa, nayo haishtuki maana seva yenyewe imesema 200, meseji haijaenda, na mteja anapiga simu anauliza bei ya leo iko wapi! Wangerudisha 400, yani ombi lina kosa, na sentensi moja tu, "namba ianze na 255, umetuma 0754", yangeisha. Au waipokee hiyo 07 waigeuze wenyewe, si ndo watu wote Tanzania wanavyoandika namba jamani.

Requests nayo ina la kulalamikia, usipoweka timeout, yani muda wa mwisho wa kusubiri jibu, inasubiri tu haikati, na kwa mtandao wetu mvua ikishika mfumo mzima unaganda. Weka timeout=10 kila mahali. Wanaohitaji async, yani kuendelea na kazi nyingine wakati jibu linasubiriwa, waende httpx, laibrari nyingine ya Python, mtindo ni uleule karibu kila kitu na yenyewe usipoiambia chochote inakata baada ya sekunde 5, hilo wamelifanya vizuri sana.

Ile ya meseji tumeifunika kwa fankisheni yetu, tuma(namba, ujumbe), inapokea 07, 255 na +255, na ikikataa inasema kwa Kiswahili imekataa nini. Kama kuna mtu wa hiyo kampuni anasoma hapa, kodi ya hiyo fankisheni naitoa bure, ichukueni.