Celica 1.8 kama gari ya kwendea kazini kila siku hapa Mwanza: haya ndio nimeyaona

Kama unataka gari ya milango miwili, yenye sura ya spoti, ya kwenda nayo kazini kila siku hapa Mwanza bila kuuza kiwanja, chukua Toyota Celica ile ya mwisho mwisho yenye injini ya 1ZZ (jina la Toyota la injini hii ya 1.8), ya mwaka 2003 kwenda mbele. Jibu langu ndio hilo, huko chini naeleza kwanini, na naeleza pia nani haimfai maana kuna watu kabisa haiwafai na ni bora wajue kabla hela haijatoka mfukoni.

Mimi naishi upande wa Buhongwa na kazi iko mjini, kwahiyo asubuhi ni Mkolani, Nyegezi, Butimba, Mkuyuni, Igogo mpaka mjini, jioni narudi vile vile. Lami ipo, ila kuna foleni, daladala inasimama ghafla mbele yako ichukue abiria, bodaboda kulia na kushoto, na spidi kwenye makazi ni 50 ambayo ni karibu njia nzima. Kwa njia kama hiyo hizo hosipawa 200 utazitumia wapi jamani. Kinachokupa raha ni usukani unaosikia, gari isiyolala kwenye kona, breki za uhakika na kiti kinachokushika mgongo, na hivyo vyote Celica inavyo. Sasipensheni yake ni nzuri, nyuma ina wishiboni mbili (mikono ya chuma inayoshika tairi) kila upande, sio ile bimu moja ya gari nyingi ndogo, ndio maana kwenye kona za Capri Point au ukishuka Isamilo inatulia kabisa.

Alafu kuna jambo watu hawaliongelei, Mwanza tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo huku inapoteza nguvu kama moja ya kumi hivi kwasababu hewa ni nyepesi. Kwahiyo zile namba unazosoma kwenye matangazo ya Japani, hosipawa 145 kwa 1.8 ya kawaida, huku hazifiki, na ya jirani yako nayo haifiki, usiumize kichwa.

Sasa kwanini 1ZZ. Kwasababu injini hiyo hiyo iko kwenye Allion na Premio za 1800 za toleo la kwanza, iko kwenye Wish ya 1800 ya toleo la kwanza, na magari hayo yamejaa mji mzima. Maana yake ni kwamba fundi wa Nyakato, fundi wa Igoma, fundi wa Mkuyuni, wote wameshaifungua hiyo injini mara nyingi, sensa zipo, koili za plagi zipo, pampu ya maji ipo, maunti zipo, mpya na za mtumba. Inatumia cheni sio mkanda wa taimingi, kwahiyo huna ile presha ya mkanda kukatika ukiwa Usagara. Hapo ndipo gari ya spoti inageuka kuwa gari ya kila siku, sio kwasababu haiharibiki, ila kwasababu ikiharibika Jumanne, Jumatano unaendesha. Kwenye mafuta mimi napata kama kilomita 10 mpaka 12 kwa lita kutegemea na foleni, na AC nawasha karibu muda wote maana kile kioo kikubwa cha nyuma kinaingiza jua la huku sio mchezo.

Sasa ubaya wa 1ZZ nao nauweka wazi. Zile za mwanzo, kuanzia 1999 mpaka kama 2002, zinakula oili. Pistoni zake zina vitundu vidogo vya kurudishia oili pale kwenye ringi, vikiziba na masizi ringi zinagoma, oili inabaki kwenye silinda inaungua na petroli. Toyota walikuja kubadilisha pistoni, ndio maana nakazania 2003 kwenda mbele, na hata hiyo bado uipime. Namna ya kupima ni rahisi na Mwanza tumebarikiwa vilima: mwombe muuzaji asiiwashe gari kabla hujafika, uikute ya baridi, iwashe uangalie ekzosi. Alafu panda nayo Bugando, geuza, shuka ukiwa kwenye gia bila kukanyaga mafuta, ukifika chini kanyaga kwa nguvu huku rafiki yako yuko nyuma na gari nyingine anaangalia. Ukitoka moshi wa bluu, mshukuru muuzaji na uondoke, hata kama bei inavutia vipi. Asikuambie "itaisha ukimwaga oili", haiishi.

Ukishainunua weka oili nyepesi, 5W-30, inaingia kama lita 3.7 tu, kwahiyo ikipungua nusu lita ni pengo kubwa, chomoa kijiti uangalie kila wiki. Na nakuomba sana, fundi akikuambia atoe themostati (kile kidude kinachozuia maji ya kupooza mpaka injini ipate moto) "ili isichemshe", kataa. Injini bila themostati inachelewa kupata moto, inakula mafuta zaidi, oili inachafuka haraka, na kwa 1ZZ uchafu wa oili ndio chanzo cha yale yale ya ringi. Weka kulanti, sio maji ya bomba.

Kuna ndugu yake, Celica ya 2ZZ, Japani waliiita SS-II, hosipawa 190, gia sita kama ni manyo. Hiyo ina kamshafti (ile shafti inayofungua valvu) yenye tabia mbili, injini ikipita kama mizunguko 6,000 na kidogo kwa dakika inabadilika na kelele inabadilika, ni tamu kweli kweli sikatai. Ila kati ya Mkolani na mjini lini utafika 6,000 mara kwa mara? Na spea zake sio zile za Allion ya jirani. Kama una gari nyingine nyumbani na hii ni ya wikiendi kwenda Magu au Bunda, sawa, chukua. Kama ndio gari pekee, baki na SS-I, yaani ile ya 1ZZ.

Tuje kwenye kitu kinachoamua kila kitu Mwanza, nacho ni kile kipande kutoka lami mpaka getini kwako. Mji wetu ni mawe. Ukiacha lami Bugarika, Mabatini, Buswelu, huko Buhongwa ndani, unakutana na moramu, mtaro uliochimbwa na mvua, na mwamba umejitokeza katikati ya njia ambao hakuna greda litauondoa. Celica chini ina kama sentimita 14 tu. Kwahiyo kabla hujaenda kuangalia gari yoyote, kata kijiti cha sentimita 14, tembea kwa miguu kutoka lami mpaka kwako, kila jiwe na kila tuta liwekee kijiti. Jiwe likizidi kijiti na huwezi kulikwepa, gari hii sio yako kwa sasa, tafuta njia nyingine ya kupita au tafuta gari nyingine. Na fanya hilo zoezi baada ya mvua kubwa, Novemba au Aprili, sio kiangazi, kwasababu mvua zikipita njia inakuwa sio ile.

Najua wengi mtasema weka spesa, vile vipande vya kuinulia gari. Mimi nimeona gari nyingi zilizopigwa spesa nene na sipendi kinachofuata, jointi za ekseli zinakaa kwenye pembe mbaya zinaisha haraka, bushi zinalia, tairi zinalika upande mmoja, na ile raha ya kona uliyoilipia inapotea. Gari ya spoti iliyoinuliwa inayumba kama mtumbwi mtupu siku ya upepo. Bora springi na shokapu nzima za saizi yake, na bampa la mbele ulifunge vizuri, alafu ujifunze kupita tuta kwa mshazari, tairi moja kwanza halafu nyingine. Watu wa nyuma watakupigia honi, waache wapige.

Kwa wanaovuka kwenda Sengerema na Geita, mambo yamekuwa rahisi. Zamani kwenye kivuko gari ya chini ilikuwa na mtihani pale pa kupandia na kushukia, bampa linasugua. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 unapita juu, kilomita 3 za lami safi, ziwa kulia na kushoto, na kwa kweli ukiwa kwenye Celica pale, vioo chini, ni raha ambayo naitamani kila mtu aipate hata mara moja.

Ndani. Viti vya mbele ni vizuri, unakaa chini miguu mbele. Nyuma kuna nafasi mbili na ni za watoto wa shule ya msingi, mtu mzima anaweza kuvumilia kutoka mjini mpaka Nyegezi, zaidi ya hapo ni mateso. Mama yangu ana shida ya magoti, kuingia anashuka kama anaenda kukaa kwenye kigoda na kutoka lazima umshike mkono, kwahiyo Jumapili ya kanisani tunatumia usafiri mwingine. Kama wewe ndio dereva wa wazee wa familia, lifikirie hilo sana. Buti lakini lilinishangaza kwa uzuri, mlango wa nyuma unafunguka wote na kioo chake, ukilaza viti unaingiza gunia la mchele na mabegi. Ila buti halina ukuta, liko hewa moja na wewe. Ukitoka Mwaloni Kirumba na dagaa, dagaa hao mtasafiri nao pamoja mpaka nyumbani na siku zinazofuata, kwahiyo weka ndoo yenye mfuniko wa kubana.

Na uko chini barabarani. Dereva wa lori la mizigo hakuoni ukiwa ubavuni kwake, usikae pale, pita au baki nyuma. Usiku taa za mabasi zinakupiga usoni moja kwa moja.

Nilizipima na nyingine. Toyota 86 ya kuanzia 2012 ni gari nzuri kuliko hii, naongea ukweli, inasukuma kwa nyuma, usukani wake ni mtamu, hosipawa 200. Ila bei yake ni ngazi nyingine, iko chini zaidi ya Celica, na injini yake ni ya Subaru, silinda zimelala, kufika tu kwenye plagi ni kazi. Zile za mwanzo mwanzo ziliitwa na kiwanda zirudi kubadilishwa springi za valvu, kazi ambayo injini inashushwa chini, kwahiyo ukiitaka uliza kwa namba ya chesisi kama hiyo kazi ilifanyika. Mazda RX-8 ni nzuri kuitazama, ila kwa safari fupi za mjini usiguse. Ile injini ya rotari inachoma oili kwa jinsi ilivyoundwa, mafuta inakunywa, na ukiiwasha ya baridi ukaisogeza tu getini ukazima, inaweza kugoma kuwaka tena kwa sababu petroli imejaa ndani. Honda CR-Z ni ndogo, inabana mafuta, inafaa mjini, ila ina betri ya haibridi, na gari ya zaidi ya miaka kumi betri ndio swali la kwanza la kumuuliza muuzaji. Altezza wengi mnaipenda na mimi naiheshimu, ila ina milango minne, hiyo ni habari nyingine.

Kuhusu bei. Ukiagiza Japani, jua Celica ya mwisho ilitoka 2006, kwahiyo zote zimezidi miaka 10 na TRA wanaongeza ile asilimia 30 ya uchakavu juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa na VAT ya 18. Afueni ni kwamba 1,794cc iko chini ya 2,000, kwenye kundi la asilimia 5 la ushuru wa bidhaa. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata shilingi, kwasababu kodi inaweza kuizidi bei ya gari yenyewe. Ndio maana mimi nashauri utafute iliyopo nchini tayari, namba C au D, umiliki wa mtu mmoja au wawili, taa na bampa ni za kwake. Hapo kwenye taa kaza macho, injini utapata spea kila kona ila taa ya mbele ya Celica, kioo cha ubavuni, bampa, hivyo mara nyingi unaagiza Dar na unasubiri, na bei haina huruma. Gari yenye injini nzima na taa imevunjika inaweza kukugharimu kuliko yenye taa nzima na pampu ya maji mbovu.

Gia, mimi ningesema manyo ya gia tano kama mguu wako hauchoki na foleni ya Mkuyuni. Oto yake ni ya gia nne, ngumu kufa, haina haraka, inatosha. Na tairi baki na rimu za 15, saizi 195/60, ukuta wa tairi unakuwa mnene unapokea mawe, na saizi hiyo unaipata mjini. Rimu za 17 zinapendeza kwenye picha ila kwa njia zetu za ndani utakuwa kila mara kwa fundi wa rimu.