Seti ya kijumba cha mbao cha skeli ya 1:24: vipande bora, maelekezo mabaya

Nimemaliza kujenga kijumba cha mbao cha skeli ya 1:24, yaani kila kipimo chake ni sehemu moja ya ishirini na nne ya nyumba halisi, chenye vyumba viwili chini, chumba kimoja darini na kibaraza mbele, kwa kutumia seti ya vipande vilivyokatwa tayari. Kazi ilinichukua jioni za takriban wiki sita. Vipande vyenyewe ni vya ubora wa juu, lakini kijitabu cha maelekezo kinazipanga hatua kwa namna ambayo itamharibia kazi yeyote atakayeifuata kama ilivyoandikwa.

Kuta ni za plaiwudi ya milimita 3 iliyokatwa kwa leza, na ndimi za kila kipande ziliingia katika matundu yake bila kulegea wala kulazimishwa, hata nikaweza kuisimamisha nyumba nzima bila gundi, nikakagua pembe zake zote, kisha nikaitenganisha tena. Zoezi hilo halimo katika kijitabu, nami namsihi kila anayeanza asiliruke, kwa kuwa gundi nyeupe ya mbao ikishakauka, ukuta uliokaa upande haunyooshwi bila kuvunjwa. Kingo zilizoachwa nyeusi na leza zinahitaji kusuguliwa kwa msasa laini, la sivyo weusi huo huchafua rangi nyepesi.

Kijitabu kinaagiza kuta ziungwe kwanza, baadaye zipakwe rangi, na taa zifungwe mwisho. Anayefuata utaratibu huo atagundua kwamba brashi haifiki nyuma ya ngazi, karatasi ya ukutani haiwezi kukatwa ikanyooka ndani ya chumba chenye upana wa kiganja, na nyaya za taa hazina pa kufichwa. Mimi niliugeuza: nilipaka rangi na kubandika karatasi vipande vikiwa vimelala mezani, nikachimba mifereji myembamba ya nyaya nyuma ya kuta, ndipo nikaunga. Kila ubao upakwe pande zote mbili, kwa maana rangi ya maji huvimbisha nyuzi za upande mmoja na ubao mwembamba hujikunja. Ukuta wa jiko niliupaka upande mmoja tu, nao ukapinda. Ilinibidi niulowanishe kidogo upande wa pili na kuukandamiza chini ya vitabu vizito usiku kucha, ukarudi karibu kunyooka.

Samani zilizokuja na seti ndizo zilizonivunja moyo. Mlango wa mbele una kimo cha milimita 84, ambao ukikuzwa mara 24 unakuwa wa mita 2 na kidogo, kipimo sahihi kabisa cha mlango wa mtu mzima. Kikombe cha mezani, hata hivyo, kina kimo cha milimita 9, maana yake katika nyumba halisi kingekuwa na zaidi ya sentimita 21, yaani jagi. Jicho hulitambua kosa la namna hii mara moja, hata kwa mtazamaji asiyejua lolote kuhusu skeli, na chumba kizima hupoteza uhai. Vikombe nilivitengeneza upya kwa udongo wa polima, yaani plastiki laini ya kufinyangia, na rafu za jiko nikazikata kutoka kwenye mabaki ya plaiwudi.

Taa ni za LED zenye mwanga mweupe wa samawati usiofaa kijumba cha mashambani. Tone la rangi ya kaharabu inayopitisha mwanga juu ya kila taa liliupa joto linalofaa. Betri bapa ya volti 3 iliyomo hufifia upesi; niliweka mbili za AAA zilizoungwa kwa mfululizo, ambazo nazo hutoa volti 3 lakini hudumu zaidi, nikazificha chini ya kibaraza.

Paa lilinipa furaha kuliko sehemu nyingine yoyote. Vigae ni vibanzi vyembamba vya mbao, navyo hubandikwa kuanzia ukingo wa chini kwenda juu, kila safu ikifunika maungio ya safu iliyo chini yake, kama paa la kweli linavyomwaga maji ya mvua. Nilivitia rangi kwa chai nzito kabla ya kuvibandika, nikiviacha vingine majini muda mrefu zaidi ili visifanane, na matokeo yake ni paa linaloonekana limepigwa na jua na mvua kwa miaka mingi. Kijitabu kinataka paa ligandishwe moja kwa moja juu ya kuta. Mimi sikuligandisha, nimeliwekea vipini viwili vya mbao vinavyoingia katika matundu juu ya ukuta wa nyuma, ili niweze kuliinua siku taa itakapozimika, na ili chumba cha darini, ambacho bado hakina kitanda, kiweze kufikiwa kwa mkono.