Bodi ipi ununue Uganda? Kompyuta ndogo kwa mafundi wa nyumbani, kuanzia tunayoipendekeza kwanza

Kabla hujauliza bei ya bodi, tenga pesa ya adapta, kebo na memori kadi. Hapo ndipo miradi mingi inapokwama. Bodi inawasha taa nyekundu, inaanza kupakia, inajizima, inaanza upya, na mwenyewe anairudisha dukani akisema imekufa. Mara nyingi bodi ni nzima, ila umeme unaoifikia hautoshi. Kwa hiyo tumezipanga bodi hizi kwa jinsi zinavyovumilia umeme wetu unaokatika, zinavyoendana na sola, na urahisi wa kupata nyingine ikiharibika. Kasi ya prosesa tumeitazama mwisho.

1. Raspberry Pi 4 ya GB 2

Ilitoka Juni 2019, na kwa umri huo karibu kila tatizo lake limeshapatiwa dawa na mtu fulani. Ina pini 40 za kuunganishia sensa na vifaa, tundu la waya wa mtandao na milango minne ya USB, miwili ikiwa ya 3.0. Isipokuwa na kazi nzito hula takriban wati 3 hadi 4. Ukiiacha inawaka usiku na mchana, kwa mwezi inamaliza kama yuniti 3 za Yaka.

Inafaa sana kwa seva ya shule isiyo na intaneti: Kiwix kwa ajili ya Wikipedia, Kolibri kwa masomo na video. GB 2 zinatosha, kwa sababu Kiwix husoma faili moja kwa moja kwenye diski bila kuibeba yote kwenye RAM. Pesa ambayo ungeiongeza upate GB 8, nunulia diski ya SSD ya USB ya GB 256, maana Wikipedia ya Kiingereza yenye picha peke yake hupita GB 100. Diski hiyo ifomati kwa ext4 au exFAT. FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4.

Ukiuziwa iliyotumika, iwashe, fungua dirisha la amri (Terminal), andika `cat /proc/cpuinfo` na utazame mstari wa Revision. Ikiwa ni c03111 au b03111, hilo ni toleo la 1.1, ambalo tundu lake la USB-C lina kasoro ya usanifu: ukitumia kebo yenye chipu ndani, kama zile za laptop za kisasa, chaja hukataa kutoa umeme. Kwa kebo ya kawaida inafanya kazi vizuri, kwa hiyo tumia kasoro hiyo kupunguziwa bei. Kumbuka pia kwamba tundu lake la skrini ni micro-HDMI. Kebo ya televisheni haiingii.

2. Raspberry Pi Zero 2 W

Ilitangazwa Oktoba 2021 kwa dola 15. RAM yake ni MB 512, kwa hiyo sahau kufungulia kivinjari cha intaneti. Kwa kamera ya banda, kicheza muziki au kuzuia matangazo kwenye simu zote za nyumbani, inatosha kabisa, na hula kama wati 1. Wi-Fi yake ni ya 2.4 GHz pekee. Raota iliyowekwa 5 GHz tu haitaiona. Tafuta iliyokwisha kuchomelewa pini, maana kuchomelea pini 40 kwa mara ya kwanza kwenye bodi ndogo kiasi hicho ni kujitafutia hasara. Tundu la skrini hapa ni mini-HDMI, tofauti na la Pi 4.

3. ESP32

Hii si kompyuta kamili, ni bodi ndogo yenye Wi-Fi inayoendesha programu moja uliyoiandika, na tumeiweka hapa makusudi. Wengi wanaotafuta Raspberry Pi wanataka kitu cha kusoma joto na kuwasha taa, na kazi hiyo ESP32 inaifanya vizuri zaidi. Haina memori kadi ya kuharibika wala mfumo wa kuzima kwa utaratibu. Umeme ukirudi, ndani ya sekunde chache imeendelea na kazi.

Chukua banda la vifaranga. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unashusha kama nyuzi 3 kila wiki. Vifaa ni ESP32 moja, sensa ya joto ya DS18B20 yenye waya usiopitisha maji, rezista ya kilo-ohm 4.7, rilei moja ya volti 5 (swichi inayowashwa na bodi) na taa ya joto ya wati 250. Kwenye umeme wetu wa volti 240 taa hiyo huvuta ampea 1 na kidogo tu, na rilei za buluu za kawaida zimeandikwa ampea 10. Rezista iunge kati ya waya wa data na volti 3.3. Data ipeleke pini 4, rilei pini 26. Usitumie pini 12 kwa rilei, kwa sababu ESP32 huisoma inapowaka na inaweza kukataa kuanza.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa vifaranga hufa. Waya wa sensa ukilegea, programu husoma -127. Programu isiyokagua itaona baridi kali na kuacha taa inawaka moja kwa moja. Namba nyingine ya kuitilia shaka ni 85 kamili: ndiyo sensa hutoa inapowaka kabla haijapima chochote, na programu itazima taa bure. Andika sharti la kukataa zote mbili, na baada ya makosa matano mfululizo, ilize kengele. Tena, rilei nyingi huwaka pini ikiwa chini (LOW, yaani haitoi volti). Weka pini juu (HIGH) mwanzoni kabisa mwa programu.

Nunua mbili. Ukiwa Arua au Gulu na kifurushi kinakuja kwa basi kutoka Kampala, ESP32 ya akiba ni nafuu kuliko nauli ya kurudisha mbovu. Kompyuta isipoiona kabisa, badilisha kebo kwanza. Kebo nyingi za simu za bei ya chini hazina nyaya za data.

4. Orange Pi Zero 3

Kwa pesa yake ni bodi nzuri: chipu ya H618, RAM ya GB 1 hadi 4 na waya wa mtandao wa gigabiti. Imekaa chini kwa sababu ya programu. Miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya Raspberry Pi mara nyingi haifanyi kazi hapa, hasa ya pini na kamera. Aliyeizoea Linux, mfumo unaoendesha bodi hizi, aichukue. Anayeanza aiache.

5. Raspberry Pi 5

Ina nguvu kweli, lakini inadai adapta ya volti 5 ampea 5, na chaja za simu za kawaida hazitoi hivyo. Ukiipa ampea 3 itawaka, ila milango ya USB itabanwa hadi miliampea 600 kwa jumla, na diski yako itakatika katikati ya kazi. Kwa kazi nzito inahitaji pia feni. Kama huhitaji pini, kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika, yenye RAM ya GB 8 na diski yake ndani, ni ununuzi bora kuliko hii. Itakula yuniti 9 hivi kwa mwezi.

Kebo, sola na saa

Soma maandishi yaliyochapwa kwenye ganda la kebo. Ukiona 28AWG/1P 24AWG/2C, namba ya pili ndiyo ya nyaya za umeme, na namba ikiwa ndogo waya ni mnene. Kebo ya mita moja yenye nyaya za 28 hupoteza karibu volti 0.85 kwa ampea 2, yaani bodi inapata 4.15. Pi hulalamika ikishuka chini ya 4.63. Nyaya za 20 hupoteza volti 0.13 tu.

Kwa sola, Pi 4 ya wati 4 ni watisaa 96 kwa siku, na kibadilishaji cha kushusha volti 12 hadi 5 kikila sehemu yake, zinafika kama 113. Betri ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo ya Ah (ampea-saa) 18 haimalizi siku. Chukua Ah 26 na paneli ya wati 50.

Pi 4 na Pi Zero 2 W hazina saa ya ndani. Bila intaneti, umeme ukikatika tarehe hupotea na kumbukumbu zako zote huvurugika. Ongeza moduli ya saa ya DS3231, uiunge kwenye volti 3.3. Ukiiunga kwenye volti 5, moduli nyingi hujaribu kuchaji betri isiyochajika. Kisha kwenye faili la mipangilio la Pi, config.txt, andika `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`.

Memori kadi iwe ya daraja la A1, GB 32. Bandia ni nyingi, kwa hiyo ipime kwa programu ya f3 kabla hujaiamini. Mradi ukishakamilika, washa Overlay File System ndani ya raspi-config, programu ya mipangilio ya Pi, ili umeme ukikatika kadi isiwe inaandikwa.

Ukienda dukani beba adapta yako, kebo yako na kadi iliyowekwa mfumo tayari. Pi 4 nyingi hata bila kadi huonyesha maandishi kwenye skrini. Isipoonyesha chochote hata ukiweka kadi, usilipe. Ikiwaka na kadi, fungua video au kazi nyingine nzito kwa dakika tano, kisha andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa 0x0, lipa. Likiwa 0x50000 au 0x50005, umeme umeshuka: badilisha kebo na adapta, uwashe upya, upime tena papo hapo kabla hujatoka.