Lenzi ya kwenda nayo mbugani: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Serengeti na Ngorongoro kwa kawaida gari haliachi njia kumfuata mnyama. Umbali anaupanga chui aliyelala juu ya mgunga, si wewe, na dakika kumi baadaye tembo anapita mita tano kutoka dirishani. Ndiyo maana lenzi zinazovuta (zoom) zimetangulia hapa.

1. Milimita 100-400 (namba ikikua, mnyama anasogea karibu). Wengi wachukue hii. Canon RF 100-400 ina gramu 635 tu, mkono hauchoki. Ukiifunga kwenye kamera yenye sensa ya APS-C, ndogo kuliko ya fremu kamili, 400 inaona kama 640. Udhaifu wake ni alfajiri: ikivutwa mpaka mwisho tundu lake la kupitisha mwanga halizidi f/8 (namba ya f ikikua, tundu linakuwa dogo), yaani nusu ya mwanga wa f/5.6. Simba akikimbia kabla jua halijapanda, ukitaka kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde utapandisha ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka picha iwe na chenga.

2. Zinazofika 600. Kwa ndege, hizi ndizo. Sony 200-600 na Nikon Z 180-600 zina kilo mbili hivi, lakini hazirefuki unapovuta. Lenzi inayorefuka ni kama pampu ya baiskeli: kila ukivuta inafyonza vumbi la kiangazi. Sigma 150-600 Contemporary inarefuka, ila bei yake ni nafuu. Iache ilivyo wakati gari la mbele linatimua vumbi. Ukisafiri kwa ndege ndogo, pima begi mapema. Nyingi zinaruhusu kilo 15 kwa mtu, kamera ikiwemo.

3. 70-300 iliyotumika. Inatosha tembo, twiga na mandhari, na ndipo wanunuzi wanapopigwa. Lenzi iliyokaa Dar, Mombasa au Unguja huota kuvu kwa unyevu. Toa vifuniko vyote viwili, fungua tundu lote, mulika tochi ya simu kwa nyuma ukiielekeza mshazari, kisha chungulia mbele. Chembe za vumbi si neno. Ukiona nyuzi zimetawanyika kama utando wa buibui, mrudishie mwenyewe. Iinamishe mdomo chini: ikishuka yenyewe, imelegea. Mwisho ifunge kwenye kamera yako, simama ukilikabili moja kwa moja bango lenye maandishi, piga kwa 300. Herufi za kushoto zikiwa kali na za kulia zimefifia, huenda ilishaanguka.

4. 500 isiyovuta. Ukali wake hauna mfano, bei pia. Twiga akisogea utaondoka na picha ya shingo. Iwe lenzi ya pili.

Kiongeza urefu cha 1.4, kipande kinachofungwa kati ya kamera na lenzi, kinakula nusu ya mwanga. Kwenye lenzi ya f/8, usikinunue.

Fedha itakayobaki, shona kifuko cha jinzi chenye zipu, sentimita 30 kwa 20. Kibebe kitupu, ununue mchele kilo mbili wa kukijaza ukifika. Kitandaze kwenye ukingo wa paa la gari, lalisha lenzi juu yake, mwombe dereva azime injini; ikiendelea kunguruma, mtikisiko unapanda mpaka kwenye kioo.

Na saa sita mchana weka kamera chini. Hewa juu ya nyasi inacheza kwa joto, na simba wa mita 150 atatoka kama yuko ndani ya maji, kwa lenzi yoyote kati ya hizi.