GParted na patisheni nne: uzoefu wangu wa kusakinisha Ubuntu 24.04

Mwezi uliopita niliamua kusakinisha mfumo endeshi wa Ubuntu 24.04 kando ya Windows katika laptopu yangu ya zamani, ambayo ndiyo inayohifadhi picha zote za harusi ninazopiga hapa Lamu, na kwa hiyo sikuwa tayari kupoteza hata faili moja. Diski niliigawa kwa GParted, programu ya bure ya kugawa diski katika patisheni, yaani sehemu zinazojitegemea, niliyoiwasha kutoka kwenye fleshi.

Nilipunguza patisheni ya picha nikapata GB 60 bila taabu. Lakini nilipotaka kuunda patisheni mpya katika ile sehemu ya kijivu iliyobaki wazi, nilielezwa kwamba haiwezekani kuwa na patisheni kuu zaidi ya nne. Diski yangu inatumia jedwali la MBR, yaani orodha ya patisheni ya mtindo wa zamani, lililotengewa baiti 64 tu, na kila patisheni huchukua baiti 16; nafasi zote nne zilikuwa zimejazwa tangu nilipoinunua laptopu. Zile GB 60 nilikuwa naziona kwa macho, ila hazikuwa na mahali pa kuandikwa.

Kuhamia GPT, jedwali la mtindo mpya zaidi, kungekuwa bora, lakini GParted ikiunda jedwali jipya hufuta kila kitu. Nikashika njia ndefu: nilinakili picha zote kwenye diski ya nje, nikafungua baadhi yake moja moja kuhakikisha ziko salama, ndipo nikafuta patisheni ya picha na mahali pake nikaweka patisheni panuzi, ambayo ndani yake huingia nyingine. Ubuntu ikakaa sda5, patisheni ya kwanza ndani ya hiyo panuzi, na picha zikarudi sda6, ya pili.

Ninachokithamini zaidi ni kwamba GParted haigusi diski mpaka ubonyeze kitufe cha kutekeleza; hatua zote hujipanga chini ya dirisha, nami nilizisoma mara tatu. Ukishabonyeza, umeme ukikatika katikati data inaweza kuharibika, na kwa kuwa betri yangu imechoka, niliazima UPS, kifaa chenye betri ya akiba, kwa jirani yetu wa Langoni.

Anayetaka kuanza afungue kwanza maelezo ya diski ndani ya GParted. Aina ya jedwali ikiandikwa msdos, hiyo ndiyo MBR, basi azihesabu patisheni zake kabla ya kupunguza chochote.