Wakala wa kukusanya madeni: hela yangu imerudi, ila soma kwanza kabla hujasaini

Wale mnaofanya kazi za kujitegemea mtanielewa haraka. Mi naedit video, kazi zangu nyingi napata mtandaoni, na kuna mteja mmoja nilimfanyia video 11, zote akazipokea, akazitumia, alafu akaingia mitini na hela yangu. Sio kwamba alikataa kulipa, angekataa ingekuwa afadhali. Yeye alikuwa analipa kwa mdomo. "Boss wangu wiki ijayo", wiki ijayo ikifika mhasibu amesafiri, mhasibu akirudi mfumo wa malipo unasumbua, mfumo ukipona invoisi haionekani naomba utume tena. Invoisi ileile nimeituma mara 4. Miezi mitano imekatika hivyohivyo, mwishoni akawa anasoma meseji, tiki zinageuka bluu, anauchuna. Wanasema kukopa harusi kulipa matanga, huyu hata matangani hakutokea.

Ndo nikaenda kwa hawa jamaa wa kukusanya madeni. Jina silitaji, nilisoma masharti ya wengine watatu kabla ya kuchagua na kwa kweli walikuwa wanafanana karibu kila kitu, kwahiyo chukua hii kama rivyu ya huduma yenyewe.

Kuhusu gharama, hawachukui kitu mwanzoni. Wanakula robo ya kitakachopatikana, kisipopatikana hawakudai. Wengine walinitajia theluthi kwa sababu deni langu lilishazeeka, na deni kadiri linavyokaa ndivyo linavyozidi kuwa gumu kulipika, kwahiyo kamisheni inapanda. Yaani ile miezi niliyokuwa najifanya mstaarabu, "habari za asubuhi boss, samahani kwa usumbufu", nilikuwa najipandishia bei mwenyewe.

Kilichonishangaza ni simu ya kwanza. Nilijua nitaulizwa kuhusu mteja, kumbe niliyehojiwa ni mimi. Dada aliyepewa faili langu akauliza mdaiwa ni nani, nikamtaja. Akasema, "Hilo ni jina la chaneli. Anayedaiwa ni mtu au ni kampuni, na kampuni imesajiliwa kwa jina gani?" Nikabaki kimya. Invoisi zangu zote nimemwandikia jina lake la kwanza kama namwandikia rafiki wa shule. Mkataba? Meseji. Tarehe ya mwisho ya kulipa? Haipo, nimeandika tu "asante kwa kazi". Riba ya kuchelewesha? Dada wa watu hata hakusubiri jibu akaendelea na swali lingine lol.

Akaniambia nimletee kila kitu, na hapa ndo nilianza kuwaheshimu. Walitaka makubaliano yalipo hata kama ni meseji, ushahidi kwamba kazi ilifika, alafu ushahidi kwamba aliipokea na kuikubali. Hiki cha mwisho mi sikukitilia maanani, nikaona video si ziko hewani watu wanaziangalia, inatosha. Nikakusanya skrinshoti na maimeili usiku mzima nikawatumia hivyohivyo bila mpangilio, wao wakazipanga kwa tarehe.

Wakatuma barua ya madai, wakampa siku 14. Siku ya 9 mtu ambaye hajanijibu wiki saba akaibuka, tena kwa imeili ndefu: ati kazi haikuwa na kiwango, sauti ilikuwa mbovu, ilibidi amlipe mtu mwingine azirekebishe. Nilisoma mikono inatetemeka kwa hasira. Miezi mitano mhasibu kasafiri, leo ndo sauti mbovu! Dada akacheka, akasema hiyo ndo hatua ya pili ya wadaiwa karibu wote, wakishaona mambo yamekuwa rasmi deni linageuka kuwa mgogoro wa ubora. Akatoa skrinshoti yangu mwenyewe ambayo hata sikuikumbuka, jamaa kaandika siku mbili baada ya kupokea: "Safi sana, tumeshazipandisha, watu wamezipenda." Ikatumwa bila maneno mengi. Habari ya sauti mbovu ikaishia hapo.

Na kitu kingine walichonisaidia ni kunizuia ujinga. Nilishaandaa posti ya kumuanika, picha yake na chaneli yake na kila kitu. Dada akaniambia ukiposti hiyo yeye ndo atapata kesi ya kukudai wewe kwa kumchafua, na hela yako utaisahau. Nikafuta, japo kwa shingo upande.

Waliniuliza pia mteja yuko nchi gani kisheria, nikadhani ni mambo ya fomu tu, kumbe ni swali zito. Uingereza kwa mfano kuna sheria ya mwaka 1998 ya madeni ya biashara yaliyocheleweshwa, hata kama mkataba wako haukutaja riba unaruhusiwa kudai asilimia 8 juu ya riba ya msingi ya Bank of England, na fidia juu yake. New York City nako tangu 2017 kazi ya frilansa ya kuanzia dola 800 lazima mkataba uandikwe, na kama haukutaja tarehe ya malipo basi mwisho ni siku 30 baada ya kumaliza kazi, ukienda mahakamani ukashinda unaweza kupewa mara mbili ya hela unayodai. Wa kwangu hakuwa sehemu kama hizo, kwahiyo riba nikaisahau. Ila kama mteja wako yuko huko na unajiliza peke yako chumbani, basi unajiliza bure.

Sasa yale ambayo sikuyapenda, na haya hawayaandiki kwa herufi kubwa.

Mteja aliposalimu amri alitaka kulipa asilimia 60 tuyamalize. Dada, yuleyule niliyemsifia, akanisukuma nikubali. Tena sio kidogo, siku hiyo kanipigia mara tatu. Nilikaa nikapiga hesabu nikaelewa: wao robo ya asilimia 60 leo, bila jasho zaidi, ni tamu kuliko robo ya hela yote baada ya miezi miwili ya kufukuzana. Mimi ndo ninayeumia kwa ile 40 inayopotea, na hiyo 60 yenyewe bado wanaikata. Simlaumu, ndivyo anavyolipwa, ila ujue kwamba ukifika hapo wewe na wakala wako hampigi tena kasia upande mmoja. Nikagoma. Nikasema alipe yote kwa awamu tatu, na asaini karatasi anakiri deni lote na tarehe za kulipa. Akasaini! Hiyo karatasi naipenda kuliko hela yenyewe, maana ukishakiri deni kwa maandishi huna tena pa kuleta hadithi za sauti.

La pili, kuna kipengele kinasema mteja akikulipa moja kwa moja baada ya wao kuanza kazi, kamisheni yao iko palepale. Nilikiona kwa bahati. Awamu ya kwanza jamaa aliniingizia mimi badala ya wao, nadhani alitaka kunifurahisha, na wiki hiyohiyo nikaletewa invoisi ya robo yao. Invoisi yao bwana ilikuwa na tarehe ya mwisho ya kulipa na riba ya kuchelewesha.

La tatu ni mawasiliano. Wakishatuma barua wanakaa kimya kama mteja wako. Nilikuwa namkumbusha anayemkumbusha anayenidai... samahani, ninayemdai, ona hata maneno yananichanganya. Na mahakamani hawaendi, ikifika huko wanakukabidhi kwa wakili na gharama zake ni nyingine kabisa.

Kwa jumla nawapa nyota tatu na nusu. Kwa deni kubwa lenye ushahidi ningewarudia kesho. Kwa deni dogo hapana, ile barua ya madai unaweza kuandika mwenyewe, weka kiasi, weka tarehe, ambatanisha ushahidi, sema hatua inayofuata ni ipi, nilishaijaribu kwa mteja mwingine mwezi uliopita akalipa ndani ya siku 6.

Awamu ya tatu imeingia Jumatatu iliyopita, imechelewa siku mbili lakini imeingia kamili. Na juzi kanitumia meseji yuleyule, ati ana video 6, nina nafasi? Nimemjibu na bei mpya, mkataba wenye jina la kampuni, na nusu kabla sijafungua hata faili moja. Tiki zimegeuka bluu toka juzi hiyohiyo.