Wembe wa kukunja kwa anayeanza: upi ununue ukiwa huku Kusini na upi uukimbie

Hela ya korosho ikishaingia kila mtu ana ujinga wake, jirani yangu alinunua spika kubwa kuliko kabati lake la nguo, mi nkaagiza mtandaoni seti ya wembe wa kukunja, ule wa kizamani unaofunguka kama kisu, mpini rangi ya dhahabu, simba kachorwa kwenye chuma, mkanda wa ngozi humo humo, brashi humo humo, boksi lina kitambaa chekundu kama la pete ya uchumba. Mzigo ukashuka na basi la Dar nkaupokea stendi najiona bwana harusi. Nkaupeleka Mikindani kwa mzee mmoja kinyozi wa siku nyingi anioneshe namna ya kushika, shikamoo babu, marhaba mjukuu wangu, akaufungua, akaupitisha kwenye vinywele vya mkono wake mara moja, haukuondoka hata mmoja. Akaukunja taratibu akanirudishia. "Huu wa kunyolea ndevu au wa kubangulia korosho?"

Kwa hiyo huu mpangilio umetoka kwenye kidevu changu, na nimeupanga kwa mtu anayeanza tu, aliyeko Mtwara, Lindi, Masasi au Newala huko juu, ambako mimi binafsi sijapata fundi wa kunoa wembe. Wale wa baiskeli wenye jiwe la kuzunguka ni wa visu na mapanga, ukimpa wembe wako jiwe linapasha moto chuma mpaka ugumu wake unatoka, usijaribu. Hili la kunoa likae kichwani maana ndo limeamua nani awe wa kwanza na nani wa mwisho.

Namba moja: kishikio cha kubadilisha wembe

Ni kile kile cha saluni, unavunja Topaz au Nacet katikati (ivunje ikiwa bado ndani ya karatasi yake, vidole vyako utavihitaji), unachomeka nusu, unanyoa, unatupa. Hakinolewi, hakihitaji mkanda, na wembe wake unaupata duka lolote la mtaani hata saa tatu usiku. Bei yake ni kama chipsi mayai na soda, labda uongeze kidogo.

Ila msidanganyane kwamba hiki ni rahisi. Ni kikali kuliko wembe halisi, maana ni chepesi na ile nusu ya wembe haina huruma, ukilegeza mkono kidogo umeshajichora. Bibi zetu wa Kimakonde chale zao zilichorwa na mtu anayejua kazi, zako zitakuwa za bahati mbaya tu. Mi bado nakiweka juu kwa sababu ukishindwa umepoteza elfu chache, na ukiweza kunyoa na hiki huo mwingine utauona kama likizo.

Kuna vya aina mbili dukani. Cha plastiki kinachobana kwa kubofya achana nacho, wembe unacheza ndani. Chukua cha chuma chenye kiplastiki au kibati cha kutelezesha pembeni, uzito wake unakusaidia usikandamize. Kabla hujalipa kifunge, kiinue usawa wa macho uangalie kama ukingo wa wembe umetokeza sawasawa mwanzo mpaka mwisho, kikiwa upande mmoja umetokeza zaidi rudisha. Alafu hakikisha pembe za wembe zimefunikwa na chuma, pembe ndo zinazochoma.

Na kiwe chako peke yako. Wembe hauazimwi hata kwa kaka yako wa tumbo moja, Ukimwi na homa ya ini vyote vinapita kwenye damu, na damu ya kwenye wembe huwezi kuiona kwa macho.

Namba mbili: wembe halisi, mpya, ulionolewa tayari

Huu ndo wenyewe. Jina la kutafuta ni Solingen, mji wa Ujerumani uliojipatia sifa kwa visu na nyembe, ndo nyumbani kwa Böker na Dovo. Wafaransa nao wana Thiers-Issard. Jiandae kisaikolojia, laki tatu inakatika na usafiri bado, af bila mkanda wa ngozi wa kunolea huna kitu, maana kila kabla ya kunyoa unaupitisha kwenye ngozi, kama mara thelathini mpaka sitini kwenda na kurudi, mgongo wa wembe ukitangulia na ukali ukifuata nyuma, na unapogeuza unageuzia mgongoni. Mi siku ya kwanza niligeuzia upande wa ukali. Mkanda mpya, mchano wa kidole kizima. Kwa hiyo mkanda wa kwanza nunua wa bei rahisi, utauchana tu, kila mtu anauchana.

Saizi: chukua 5/8, ni inchi hiyo, upana wa chuma. Pana zaidi utashindwa kuuzungusha chini ya pua. Ncha iwe ya duara, zile zenye kona kali ni za waliozoea. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja, je umenolewa kwa mkono uko tayari kunyoa? Nyembe nyingi zikitoka kiwandani bado hazijafika pale, akijibu kwa kuzunguka zunguka mwache. Ukishanolewa vizuri, mkanda peke yake unakupeleka miezi kadhaa kabla hujahitaji jiwe. Mawe yenyewe, kuanzia namba 1000 mpaka 8000 na kuendelea, usinunue mwaka huu, yatakula hela kuliko wembe af utaharibu vyote viwili.

Namba tatu: wa zamani uliotumika

Wapo watu wameachiwa na babu zao, umekaa kwenye sanduku la bati. Chuma cha zamani mara nyingi ni kizuri kweli, tatizo hujui kilikopita. Ulaze juu ya kioo, washa tochi ya simu kwa nyuma: mgongo na ukali viguse kioo kwa urefu wote. Ukiyumba au mwanga ukipita mahali ina maana umepinda au umenolewa vibaya. Kutu ya juu inatoka, ila yenye vishimo karibu na ukali usiuchukue hata ukipewa bure.

Namba nne: vishikio vinavyotumia wembe wake maalum

Kampuni ya Feather ya Japani wanatengeneza vizuri sana na vinanyoa kama siagi, ila vile vyao vya jamii ya Artist Club vinataka wembe wa umbo lake maalum, Topaz haiingii. Ukiishiwa katikati ya mwezi unafanyaje? Kwa Dar sawa, kwa hapa nimevishusha.

Ya mwisho: seti ya dhahabu

Ukiona simba, joka au fuvu kwenye chuma pita kushoto. Chuma ni laini, unanoa kutwa nzima ukali unajikunja unarudi ulikotoka.

Kama shida yako ni ndevu ziishe uwahi kazini, hivi vyote achana navyo, nunua ile mashine ya chuma ya kufungua kichwa na kuweka wembe mzima. Mmarekani King Gillette alipata hataza yake, yaani haki ya ubunifu wake, 1904, na wazo lilikuwa hilo hilo, watu waache kuhangaika kunoa.

Kunyoa kwenyewe: oga kwanza kwa maji ya moto, povu liwe zito, mkono mwingine uvute ngozi, wembe uulalie shavu kama nyuzi 30 hivi, usikandamize, na usiutelezeshe pembeni kama unakata mkate. Wiki ya kwanza nyoa mashavu tu, kidevu na shingo malizia na kile ulichozoea. Ukiwa sawa utasikia mkwaruzo mdogo kama mtu anafagia mchanga mbali, ukisikia kimya basi unateleza juu ya povu tu. Fuata zinakoota ndevu, usipande kinyume, nywele zetu hizi zinajikunja, ukizikata chini sana zinarudi ndani ya ngozi na hapo ndo vipele vya kidevu vinaanza. Ukijikata, kipande cha shabu kilicholowa, inauma ila damu inakata.

Kingine ni huu upepo wetu wa bahari. Kishikio ni rahisi, toa wembe, futa, basi. Ila wembe halisi wa chuma cha kaboni ukiulaza na maji usiku mmoja Shangani ya Mtwara au Mitwero ya Lindi, asubuhi una madoa ya chungwa, mi yalinitokea na nilikuwa nimeufuta, nilisahau pale kwenye mkunjo tu. Kausha mpaka ndani ya mpini, usiuweke bafuni, pakaa tone la mafuta ya cherehani. Ya nazi hapana, yanachacha na kunata. Mi naomba kwa shangazi, ni fundi nguo, mwanzoni alikuwa ananinyima eti namalizia chupa yake na uzuri wangu, mpaka nilipomuachia ile seti ya simba. Anafumulia mishono. Anasema haujawahi kumkata, na mimi naamini kabisa.